Riba nono na mwisho wa foleni

Juma hili nataka tuzungumze juu ya foleni. Si ile ya daladala wala ya bombani, bali foleni isiyoonekana, ambayo kila aliyeweka fedha zake benki yumo ndani yake, mara nyingi bila kujua amesimama wapi.

Benki ikianguka, watu hawalipwi kwa pamoja. Mbele wapo wenye amana. Wanafuata walioikopesha benki kwa hatifungani za kawaida. Nyuma yao wapo walioikopesha kwa mkopo wa daraja la chini, yaani waliokubali kulipwa baada ya wadai wengine wote. Mwisho kabisa ni wenye hisa. Aliyekubali kusimama nyuma huongezewa riba kidogo.

Mkopo huo una historia yake. Mwaka 1988 wasimamizi wa mabenki wa nchi kubwa za viwanda walikubaliana mjini Basel, Uswisi, kwamba mtaji wa benki usipungue asilimia 8 ya mali zake, zikipimwa kwa hatari yake. Wakaruhusu mkopo wa daraja la chini uhesabiwe katika mtaji, mradi usizidi nusu ya mtaji wa msingi. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha hizo zitabeba hasara kabla ya amana kuguswa.

Mimi diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya uhasibu. Maana ya hoja hiyo niliielewa nilipofuatilia habari za Arezzo, mji wa masonara huko Toscana, Italia. Hapo palikuwa na Banca Etruria, benki ya mkoa iliyoanza mwaka 1882. Baada ya msukosuko wa 2008, mikopo yake mingi haikulipika na mtaji ukapungua. Yenyewe na benki nyingine za mikoa ziliuza hatifungani za daraja la chini kwa wateja wao wenyewe, wakiwamo wastaafu, dirishani palepale walipozoea kuweka akiba.

Jumapili, 22 Novemba 2015, serikali na Benki Kuu ya Italia walizinusuru benki nne: Etruria, Marche, Ferrara na Chieti. Mfuko wa mabenki ulitoa euro bilioni 3.6. Amana hazikuguswa. Lakini hisa na hatifungani za daraja la chini zilifutwa zote, na maelfu ya watu waliamka bila akiba zao. Mwezi uliofuata wakaandamana.

Wapo waliosema kwamba waliponzwa na tamaa. Mimi sikubaliani nao. Tajiri anayekopesha benki ana mwanasheria wa kumsomea mkataba. Mstaafu humwamini karani anayemjua kwa jina. Kanuni ya Basel ilitaka hasara ibebwe na mtu anayejua anachokibeba. Hapa ilitwishwa mwenye amana yuleyule iliyekusudiwa kumlinda. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilikubali kuwarudishia asilimia 80 wenye kipato au mali kidogo, walionunua kabla ya katikati ya 2014. Mwaka 2017 benki tatu kati ya hizo ziliuzwa kwa pamoja kwa euro moja.

Basi, msikilizaji, ukiahidiwa riba nono kuliko ya amana ya kawaida, usiishie kuuliza ni asilimia ngapi. Uliza pia: mambo yakiharibika, nitakuwa wa ngapi kwenye foleni? Asiyeweza kukujibu, usimpe fedha zako.