Laiboni katika Mchezo wa Mkakati: Uwakilishi wa Dini na Usekula katika Historia ya Bonde la Ufa

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuichukulia riwaya ya kihistoria kuwa matini inayoteua: huteua wahusika, mahali pa kuanzia na majina ya kuwaitia watu. Mchezo wa kompyuta wa mkakati wa kihistoria nao ni matini ya namna hiyo, ila uteuzi wake umefichika ndani ya kanuni. Msomaji wa riwaya anaweza kumtilia shaka msimulizi. Mchezaji hana msimulizi wa kumtilia shaka, kwani kanuni humjia kana kwamba ndizo ulimwengu wenyewe. Anayepata nafasi ya kujibizana na matini hiyo ni mtunzi wa modi, yaani marekebisho ambayo wachezaji hufanyia kanuni na data za mchezo uliokwisha kutolewa.

Mfano mwafaka ni Victoria 3, mchezo uliotolewa mwaka 2022 na unaohusu miaka ya 1836 hadi 1936. Ndani yake kila kundi la watu hupewa dini moja, na uhusiano wa dini na dola huteuliwa kama sheria: dini ya dola, uhuru wa dhamiri, mtengano kamili, au ukanaji Mungu wa dola. Jamii nyingi za bara la Afrika zimetiwa katika fungu moja la dini za mizimu, na mchezo ulipotoka ziliwekwa miongoni mwa mataifa yasiyo na dola, ambayo mchezaji hakuweza kuyaongoza. Usekula, yaani mtengano wa dini na dola, huonekana basi kuwa ngazi ambayo wengine wanaipanda na wengine hawajaifikia.

Makala haya yanadai kwamba katika Bonde la Ufa la kati, dini na siasa hazikuwa vitu viwili vilivyosubiri kutenganishwa. Mpaka baina yake ulichorwa, ukafutwa na kuchorwa upya na dola ya kikoloni kadiri ya haja zake. Modi inayoipa Nakuru dini moja, na kuipa serikali ya kikoloni sheria moja, huwa imekwisha kuegemea upande.

2.0 Laiboni kama Chifu: 1904

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Muda si muda, malisho ya Wamaasai kati ya Naivasha na Nakuru yakatakiwa kwa ajili ya walowezi. Mwezi Agosti 1904 ulitiwa saini mkataba ambao kwao Wamaasai waliondoka katika sehemu hiyo ya Bonde na kugawanywa kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini. Mtiaji saini mkuu alikuwa Lenana (Olonana), mwana wa Mbatian.

Lenana alikuwa laiboni. Mamlaka yake yalikuwa ya utabiri, ya dawa na ya kuwabariki wapiganaji. Maamuzi mengi ya jamii yalikuwa mikononi mwa marika na wasemaji wake. Hata hivyo, serikali ilihitaji mtu mmoja wa kuweka saini kwa niaba ya wote, hivyo ikamtambua kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Kwa tendo hilo kiongozi wa ibada aligeuzwa kuwa mtawala wa kidunia.

Mkataba huohuo, ambao kwa sura ulikuwa hati ya kisiasa tupu, ulitenga pia maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Ibada iliingia ndani ya hati ya dola kama kifungu cha ardhi. Aidha, kesi ya Wamaasai kuhusu kuhamishwa kwao Laikipia ilipotupwa mwaka 1913, mahakama ilishikilia kwamba mikataba hiyo ilikuwa baina ya mataifa na haikuwa chini ya uwezo wake. Mchezo haungewahesabu kuwa dola watu hao, ilhali mahakama iliwahesabu hivyo siku ile ambapo hesabu hiyo iliwanyima haki.

3.0 Laiboni kama Mhalifu: 1905–1934

Magharibi mwa Nakuru, miongoni mwa Wanandi, kalamu hiyohiyo iliandika kinyume. Koitalel arap Samoei, orkoiyot aliyehusishwa na upinzani wa tangu 1895, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen walipokutana kwa kile kilichotajwa kuwa mazungumzo. Mwaka 1923 sherehe ya kukabidhiana madaraka ya marika, saget ab eito, ilipigwa marufuku kwa hofu ya uasi. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa na kukaa kizuizini takriban miaka arobaini.

Kilele kilikuwa mwaka 1934, ilipopitishwa Sheria ya Kuwaondoa Malaiboni. Kwa sheria hiyo, ukoo wa Talai wa Wakipsigis, pamoja na wanawake na watoto, ulihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Jambo la kuzingatia ni istilahi. Neno "laiboni", lenye asili ya Kimaasai, lilivishwa ukoo wa Wakipsigis. Neno hilo mwaka 1904 lilikuwa sifa ya mtu anayestahili kutia saini. Mwaka 1934 lilikuwa jina la kosa.

Mtindo huo uliendelea. Katika skimu ya Olenguruone, upande wa Mau wa Nakuru, Wakikuyu waliohamishiwa huko kuanzia mwaka 1941 walipinga masharti ya serikali kuhusu ardhi, wakafungamana kwa kiapo kilichowashirikisha wanaume, wanawake na watoto. Kiapo hicho kilikuwa ibada, na hapohapo kilikuwa hoja ya umilikaji. Katika maandishi rasmi ya miaka ya 1950, viapo vilivyofuata vilielezwa kuwa ushenzi na uchawi, na suala la ardhi likafunikwa.

4.0 Pingamizi

Yumkini itasemwa kwamba suluhisho limekwisha kutolewa na Mbiti (1969), anayeshikilia kwamba katika maisha ya Mwafrika hakuna mpaka rasmi baina ya kitakatifu na cha kidunia. Kwa mtunzi wa modi, kauli hiyo ingemaanisha kufuta sheria za dini na kuacha kila kitu kiwe ibada. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Karibu na mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimwua Kimnyole arap Turukat, baba wa Koitalel, wakimlaumu kwa maafa yaliyoipata jamii. Watu waliofanya hivyo walijua kuutenga utakatifu wa cheo na utendaji wa mwenye cheo, na walikuwa na njia ya kumhukumu. Kudai kwamba kwao kila kitu kilikuwa dini ni kuwanyima siasa kwa mara ya pili, safari hii kwa nia njema.

5.0 Hitimisho

Modi ya haki kuhusu Bonde la Ufa haihitaji orodha ndefu zaidi ya dini. Inahitaji kuufanya uainishaji wenyewe uwe tendo ndani ya mchezo. Orkoiyot au laiboni aanze bila fungu. Serikali ya kikoloni ipewe uwezo wa kumwita chifu, ipate mkataba na kufungwa na ahadi zake. Au kumwita mchawi, ipate ardhi bila mkataba na kubeba gharama ya uasi. Wanandi nao wawe upande unaochezeka, wenye uwezo wa kumtii orkoiyot au kumhukumu. Kinangop ibaki mahali penye madai mawili, la ibada na la ardhi.

Suala hili halijawa la makumbusho. Mwaka 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa ajili ya ardhi na mateso ya enzi ya ukoloni. Kijana wa Kericho au Nakuru anayefungua mchezo na kukuta babu zake wametiwa katika fungu la mizimu, nje ya siasa, anaoneshwa uamuzi wa mwaka 1934 kana kwamba ni hali ya maumbile. Kazi ya mtunzi wa modi, sawa na ya mhakiki, ni kumwonesha kwamba huo ulikuwa uamuzi, na kwamba ulikuwa na mwenyewe.