Kabla ya Krafti Kulikuwa na Mama Pima

Jumamosi moja rafiki yangu alinivuta hadi baa fulani karibu na Ngong Road. Alisema twende tukanywe bia ya krafti, nami nikadhani Krafti ni jina la kampuni. Tulipoingia nikaona matangi makubwa ya chuma yaking'aa nyuma ya kioo, mabomba yakipanda na kushuka, na jamaa mmoja aliyevaa gambuti akisafisha sakafu kwa mpira wa maji. Halafu harufu ikanipata. Nafaka iliyopikwa, utamu unaoanza kugeuka uchachu. Manze, nilisimama palepale mlangoni. Harufu hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Ndiyo iliyokuwa ikitoka jikoni kwa kukhu wangu Bungoma, siku za kupika busaa.

Rafiki yangu hakujua niko wapi kimawazo. Yeye alikuwa ameanza somo. Bia ya krafti, alisema, hupikwa kwa mafungu madogo na mtu anayejali ladha kuliko wingi. Na baa nzuri ya bia hiyo utaijua kwa mambo manne. Bia iwe mbichi, haijakaa stoo hadi ikachoka. Mabomba yasafishwe mara kwa mara, kwa sababu bia ikiganda mle ndani huleta uchungu wa ajabu. Glasi isiwe na mafuta wala sabuni, maana hivyo ndivyo vinavyoua povu. Na anayekuhudumia aweze kukueleza unakunywa nini, si kukuuliza tu kama unataka baridi au moto.

Nilikubali yote manne. Bill ilipokuja, shilingi 500 kwa glasi, nilikubali pia, ingawa kwa shingo upande. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kuna jambo la tano ambalo hakulitaja, na ili ulione inabidi urudi nyuma miaka kama 100 katika jiji hilihili.

Kwanza nikueleze kukhu alivyofanya. Unga wa mahindi aliukanda na maji, akauacha siku kadhaa uchachuke. Kisha akaukaanga juu ya bati pana, akiugeuza kwa jembe kuukuu hadi ukawa na rangi ya udongo. Wimbi alikuwa ameshaliloweka, likaota, likaanikwa, likasagwa. Hicho ndicho kimea. Vyote viwili vikaingia ndani ya maji, vikafunikwa, na baada ya siku chache busaa ilikuwa ikitoa mapovu yenyewe. Wazee walikaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, nyuso zikitazamana. Vijana walipewa kwenye mikebe ya Kasuku. Lakini kabla ya mtu yeyote kugusa, kukhu alichota kidogo, akanywa mbele yao wote. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwana, aliyepika ndiye huonja kwanza. Akikataa kuonja, inuka uende."

Sasa turudi Nairobi.

Mwaka 1908, kule Natal, Afrika Kusini, ilipitishwa sheria iliyoziruhusu manispaa kuhodhi biashara ya pombe ya Waafrika. Durban ikaichangamkia. Mji ukapika pombe wenyewe, ukaiuza katika kumbi zake wenyewe, na faida ikatumika kugharimia usimamizi wa Waafrika waliofanya kazi mjini. Wanawake waliokuwa wakipika majumbani wakageuzwa wahalifu. Wakoloni kwingine walipoona hesabu hiyo, mate yaliwatoka. Mzungu hakuhitaji tena kutoa pesa zake kumjengea Mwafrika choo au hosteli. Mwafrika angejijengea mwenyewe, glasi baada ya glasi.

Nairobi iliiga mfumo huo mapema miaka ya 1920, wakati uleule Pumwani ilipokuwa ikianzishwa kama mtaa wa Waafrika. Kanjo ikafungua ukumbi wake wa pombe. Kwa lugha yetu ya leo, kanjo ndiyo ilikuwa mpishi, muuzaji na mshika doo. Ukumbi ulifunguliwa na kufungwa kwa saa zilizopangwa na ofisi. Na wale kina mama wa Pumwani na Pangani ya zamani, ambao walikuwa wakipika vyumbani mwao na kuuzia wapangaji na wageni, wakaanza kuishi kwa kuchungulia dirishani. Kibera nayo, kina mama wa Kinubi walikuwa wakitonesha pombe kali iliyojulikana sana mjini, na polisi walikuwa wakiwajia mara kwa mara.

Hebu ona pia kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa mji. Mwaka 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries pale Ruaraka. Desemba ya mwaka huo walipeleka kreti zao za kwanza katika hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa kwenye uwindaji, na bia yao ikaja kubeba jina la Tusker kwa kumbukumbu yake. Hadithi hiyo tunaipenda, na tembo yuko kwenye lebo hadi leo. Tunachosahau ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinywa. Bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati wanajeshi Waafrika walikuwa wamesharudi kutoka Burma na huwezi tena kuwaambia chupa itawadhuru.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 mji mmoja ulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa Stanley, ambako mtu alikaa, akachagua, akahudumiwa. Nyingine ilikuwa Pumwani, ambako mtu alikunywa alichopewa na ofisi, kwa saa alizopewa na ofisi. Unapouliza ni nini kinachofanya baa iwe nzuri, huwezi kuanzia kwenye bomba na glasi peke yake. Anza na hili: mnywaji anaheshimiwa, au anasimamiwa?

Waafrika wenyewe walilijua swali hilo. Mwaka 1953, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, wapiganaji waliwataka Waafrika wa Nairobi wasusie bia ya Kizungu, sigara na mabasi ya mji. Kule Durban, Juni 1959, wanawake wa Cato Manor walichoka kuona pombe zao zikimwagwa huku waume zao wakimaliza mshahara kwenye kumbi za manispaa. Waliingia katika kumbi hizo na kuwafukuza wanaume waliokuwemo. Mtu hafanyi hivyo kwa sababu bia haina ladha. Hufanya hivyo kwa sababu anajua hela inaenda wapi.

Uhuru ulipofika, wengi tulitarajia mambo yageuke. Kiasi yaligeuka. Bia ya chupa ikawa alama ya mtu aliyefika mjini, naye mwenye busaa akaweza kuuza katika vilabu vilivyopewa leseni. Ndiyo maana hadi leo mzee wa mtaa akisema "nimetoka kilabu" hamaanishi mpira. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilivifunga vilabu hivyo, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo tulipoharibu. Busaa haifichiki. Huchukua siku nyingi, hunuka kijiji kizima, hujaza pipa, na ikikaa huchacha ikatupwa. Chang'aa hufichika. Lita chache zinatosha kulewesha watu wengi, hazioshi thamani, na unaweza kuzibeba kwenye kibuyu cha maji au jeri la mafuta. Ukiwatisha wapishi wote kwa fimbo moja, wa bia ndio wanaokamatwa kwanza, na wa pombe kali ndio wanaobaki. Na anayepikia gizani haonji mbele ya mtu. Hata jina lake hulijui. Unajua tu dirisha.

Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi, iliua zaidi ya watu 100. Ilikuwa na methanoli. Wengine walipona wakiwa vipofu. Watu walilaani ulevi, viongozi wakahutubia, misako ikaongezwa. Sikumbuki mtu aliyeuliza kwa nini maskini wa jiji hili hawana mahali pa kunywa bia halali wanayoimudu, iliyopikwa na mtu wanayemjua.

Jibu la viwanda lilikuja mwaka 2004, na lilikuwa la akili. Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyosamehewa ushuru ili kuwavuta watu kutoka kwenye chang'aa. Baadaye wasee wakaibatiza Obama, kwa sababu ya yule seneta wa Marekani ambaye tulimdai kuwa wetu. Mwaka 2013 serikali ikarudisha sehemu ya ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Baada ya muda nafuu ikarudishwa. Keg imewaokoa wengi, sitabisha. Lakini nenda kwenye baa ya keg mtaani uangalie kaunta. Mara nyingi kuna wavu wa chuma kuanzia meza hadi dari, na tundu dogo la kupitisha pesa na kikombe. Unalipa kwanza, kisha unapewa. Ukumbi wa Pumwani ungeitambua kaunta hiyo.

Mwaka 2010 ikaja sheria tuliyoiita ya Mututho. Ilifuta ile ya 1980, na kwa karatasi chang'aa ikawa halali, mradi iwe imepikwa kwa viwango, ikafungashwa vizuri, na mwenye kuuza awe na leseni. Mama pima wa Mathare angetoa wapi mtaji wa mitambo na maabara? Baa nazo zikaambiwa zifungue saa kumi na moja jioni, zifunge saa tano usiku siku za kazi. Ofisi bado ilikuwa na saa yake mkononi.

Karibu na miaka hiyohiyo ndipo baa za krafti zilipoanza kuchipuka. Brew Bistro ilikuwa kati ya za mwanzo, pale Ngong Road, ikijipikia bia zake. Nyingine zikafuata. Vijana wakaanza kuzungumza kuhusu hopsi, bia za ngano, bia nyeusi. Magazeti yakaandika kwamba Nairobi imegundua bia inayopikwa kwa mkono.

Imegundua? Kukhu alikamatwa nikiwa darasa la tatu. Walikuja alfajiri, wakapindua pipa, busaa ikatiririka hadi kwenye migomba. Alilala seli siku mbili. Pipa lile lilikuwa karo ya shangazi yangu ya muhula mzima. Yule jamaa wa gambuti hufanya kazi ileile: huotesha nafaka au hununua iliyooteshwa, huipika, huiacha ichachuke, huichuja. Yeye huitwa msanii. Kukhu aliandikwa kitabuni kama mshtakiwa.

Sitaki kupaka asali. Jamaa wa gambuti ana kipimajoto na huosha matangi kwa dawa. Kukhu alipima kwa kidole na ulimi, na kuna siku busaa yake iliwaharisha watu. Pale kwake pia niliona wanaume wakinywa hela ya unga, na wake zao wakija kuwasubiri langoni bila kusema neno. Pombe haiwi safi kwa sababu imepikwa na nyanya yako. Lakini usafi unafundishika, na leseni inaweza kutolewa kwa ngazi, ndogo kwa mpishi mdogo. Kwa miaka 100 kila serikali iliyokaa hapa imeona rahisi zaidi kumwaga pipa.

Waswahili husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo huwa tunaitumia kuonya dhidi ya sifa, lakini isikilize tena. Inachukulia kwamba mnywaji anamjua mgema, anajua tembo lake la jana lilikuwaje, na anaweza kumwambia usoni kwamba la leo limetiwa maji. Mnazi uko hivyo hadi leo katika mangwe nyingi za Kilifi. Hilo ndilo jambo la tano. Baa nzuri ya bia ni ile ambayo aliyepika yuko karibu kiasi cha kusifiwa na kulaumiwa.

Nilirudi pale Ngong Road wiki mbili baadaye, peke yangu. Nikauliza kama naweza kuongea na mpishi. Alitoka nyuma, gambuti zikiwa bado zina maji, akaniuliza nimependa nini. Nikamwambia bia ya ngano ya safari hii ina uchachu kuliko ile niliyoonja mara ya kwanza. Hakununa. Aliguna, akachukua glasi, akajichotea, akanywa mbele yangu, akanyamaza kidogo.

"Kweli," akasema. "Hii niliifungua mapema."

Nikampigia kukhu usiku huo. Nilimweleza kuhusu matangi, kioo na shilingi 500. Akacheka sana kwa hiyo 500. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Na alionja?"

"Alionja, kukhu."

"Basi," akasema, "hapo unaweza kurudi."