Bati jipya juu ya kenchi kuukuu: Yapasayo kujulikana kabla ya kuezeka upya nyumba kongwe

KILA msimu wa mvua unapoanza, habari za nyumba zilizoezuliwa na upepo hurejea katika kurasa za magazeti. Picha huwa zilezile: kuta zimesimama, vitanda viko nje, na mabati yamekunjamana juu ya mwembe wa jirani. Siku chache baadaye mwenye nyumba aliyebahatika kupata fedha hununua mabati mapya, naye fundi huyagongea palepale, juu ya papi zilezile na kwa misumari ya aina ileile. Nyumba hung'aa, lakini kwa upande wa usalama huwa haijabadilika.

Wanaomiliki nyumba kongwe za mijini, hasa zile za urithi zilizojengwa kabla ya vizazi viwili au vitatu, ndio wanaokumbwa zaidi na tatizo hili. Paa la nyumba kama hiyo linapoanza kuvuja, wengi hudhani kilichokwisha ni bati. Mara nyingi bati huwa ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote kubadilisha. Kilichokwisha ni kile kinacholishika.

Tanzania si nchi ya vimbunga kwa kiwango cha Msumbiji au Madagaska, lakini haiko nje ya njia yake kabisa. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, huku Pemba ikinusurika. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walihamishiwa sehemu salama wakati Kimbunga Kenneth kikikaribia, ingawa hatimaye kilitua upande wa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado. Kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika pwani Aprili 2021, na Mei 2024 Hidaya ilifika karibu na Kisiwa cha Mafia nguvu zake zikiwa zimepungua, lakini mvua zake zilikata mawasiliano ya barabara ya kusini.

Bara nako hakuko salama. Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliua makumi ya watu, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba za udongo. Dhoruba za namna hiyo hudumu kwa dakika chache tu, hazina jina, na aghalabu hazitoi muda wa kuhama.

Upepo huvuta kuliko unavyosukuma

Watu wengi huamini kuwa upepo huondoa paa kwa kulisukuma kutoka pembeni. Kwa hakika, upepo unapopita juu ya paa lenye mteremko mdogo hupunguza msukumo wa hewa upande wa juu, na paa huvutwa kwenda juu. Endapo mlango au dirisha la upande wa upepo litafunguka, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini. Nguvu hizo mbili hukutana. Kwa sababu hiyo ushauri wa mitaani wa kufungua madirisha ili upepo upite ni wa hatari; milango na madirisha hupaswa kufungwa na kukazwa.

Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 120 kwa saa, ambao ndio takriban mwanzo wa kimbunga kamili, huwa na msukumo unaokaribia uzito wa kilo 70 kwa kila mita ya mraba. Bati la kawaida la geji 30 halifikii kilo nne kwa eneo hilohilo. Hivyo uzito wa paa la bati hauwezi kulizuia lisiruke, na kwenye kingo na pembe, ambako mvuto huwa mkubwa zaidi, hali ni mbaya zaidi. Mawe, matairi na matofali yanayowekwa juu ya mapaa mengi ya mijini nayo hayasaidii. Bati likiinuka, jiwe huwa la kwanza kumwangukia aliye chini.

Kuanzia ukutani

Nyumba ya zamani ya Kiswahili, ile yenye ukumbi wa katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, kwa kawaida ilijengwa kwa nguzo, fito na udongo, kisha ikapigwa lipu. Juu yake zilipandishwa boriti na makombamoyo, na paa likaezekwa kwa makuti, kwa madebe yaliyonyooshwa, au kwa bati kwa aliyejiweza. Wakati wa makuti, upepo ulipita katikati ya paa na lililochanika lilizibwa kesho yake. Bati lilipowekwa juu ya miti ileile, nyumba ilipata kitu kinachofanana na tanga la jahazi, bila kamba za kulishikilia.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, si kwenda dukani bali kupanda darini na taa. Kinachotafutwa ni vichuguu vyembamba vya mchwa, unga wa mbao chini ya kenchi, alama nyeusi za maji karibu na ukuta, na misumari iliyokula kutu. Bisibisi ikichomwa kwenye mbao nzima huingia kidogo tu. Ikizama bila shida, mbao hiyo imeoza hata kama rangi yake ni nzuri. Ncha za kenchi, pale zinapokaa juu ya ukuta, zichunguzwe moja baada ya nyingine, kwa kuwa ndipo unyevu hutuama.

Kisha ukuta wenyewe. Swali ni moja: mbao inayolazwa juu ya ukuta imeshikwa na nini? Katika nyumba nyingi kongwe jibu ni kwamba haijashikwa. Imelazwa juu ya udongo na kusimama kwa uzito wa paa. Kwa nyumba ya matofali ya saruji, njia bora ni kuondoa kozi mbili au tatu za juu, kumwaga lenta ya zege yenye nondo kuizunguka nyumba yote, na kuacha vipande vya nondo vimechomoza ili vikunjwe juu ya mbao hiyo. Nyumba isiyoweza kuhimili kazi hiyo inaweza kufungwa kwa kanda za chuma zinazopita juu ya mbao na kushuka ukutani pande zote mbili, zikakazwa kwa bolti zinazopenya ukuta mzima. Kwa nyumba ya nguzo na udongo, ukanda hufungwa kwenye nguzo zenyewe, kamwe si kwenye lipu, na nguzo iliyooza mguuni ibadilishwe kwanza.

Kutoka hapo kila kiungo kifuate chenzake: mbao ya ukutani ifunge kenchi, kenchi ifunge papi, papi ishike bati. Msumari mmoja uliopigwa kwa mshazari, ambao ndio kifungo pekee katika mapaa mengi, huchomoka kwa urahisi upepo unapovuta kwenda juu. Ukanda mwembamba wa chuma usioshika kutu, au hata waya mnene wa kufungia nondo uliosokotwa mara kadhaa, hufanya kazi ambayo msumari hauwezi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya mabati, na hicho ndicho kinachoshangaza: kitu chenye bei ya chini kuliko vyote ndicho kinachoachwa kwanza fedha inapopungua.

Bati gani

Geji kubwa humaanisha bati jembamba, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi. Bati la geji 28 lina unene wa takriban milimita 0.4, la geji 30 takriban milimita 0.3, na la geji 32 ni jembamba zaidi. Hili la mwisho hupasuka pembeni mwa msumari na kuchomoka huku msumari ukibaki kwenye mbao. Kwa eneo lenye upepo, geji 28 ndiyo ya kuchagua, na 30 iwe ndiyo mwisho wa kushuka. Aidha, alama iliyopigwa kwenye bati isiaminiwe peke yake. Kifaa cha kupimia unene kinapatikana kwa mafundi wengi wa chuma, na muuzaji mwaminifu hatakataa kipimo.

Pwani, chumvi ya bahari hula tabaka la zinki kwa haraka. Mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki hudumu zaidi, mradi misumari au skrubu zake nazo ziwe zimekingwa dhidi ya kutu. Vigae vya saruji au udongo, vinavyopendwa kwa sura yake, huweza kufikia kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, na ukuta wa zamani haukukusudiwa kubeba mzigo huo.

Skrubu zenye raba hushika kuliko misumari laini. Zipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Kwenye kingo zote za paa na chini ya kofia, kila mgongo upigwe. Katikati ya paa, mgongo mmoja kwa kuruka mwingine unatosha. Papi za pembeni nazo zikaribiane zaidi kuliko za katikati. Kuezeka kuanze upande ambao upepo mkali hautokei, ili maungio yaupe upepo mgongo. Mabati ya zamani yenye matundu yasirudishwe kwenye paa la kulala watu, hata yakizibwa kwa lami.

Kama kuna nafasi ya kubadili umbo, paa lenye miteremko minne hustahimili kuliko lenye miteremko miwili na kuta za pembetatu, na mteremko wa nyuzi 25 hadi 35 ni bora kuliko ulio bapa. Sehemu inayochomoza nje ya ukuta isizidi nusu mita. Paa la baraza litenganishwe na paa kubwa, kila moja na mbao zake; upepo ukichukua la baraza, nyumba ibaki.

Tahadhari ya asbesto

Nyumba kadhaa zilizojengwa katikati ya karne ya 20, zikiwamo za watumishi, ziliezekwa kwa asbesto, ambayo ni ya kijivu, nzito, na hukatika kama kigae. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Isikatwe kwa msumeno, isivunjwe, isifagiliwe ikiwa kavu. Hulowanishwa, huteremshwa nzimanzima, hufungwa kwenye nailoni na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liulizwe kabla ya kazi. Kuwapa majirani vipande wajengee banda la kuku ni kuwapa maradhi.

Fedha, ndugu na wapangaji

Nyumba yenye mita 9 kwa 12, paa likichomoza nusu mita kila upande, hufunika mita za mraba 130 kwa kipimo cha chini. Mteremko wa nyuzi 25 huongeza takriban asilimia 10, yaani mita za mraba 143. Bati la futi 10 lenye kufunika mita mbili za mraba baada ya kupishana litahitajika mara 72, na likiongezwa la kupotea kwa kukata, mabati 79 au 80. Fundi anayetaja 110 aulizwe hesabu yake. Anayetaja 60 aulizwe zaidi.

Katika nyumba za urithi, ugomvi huanza hapo. Ndugu anayetoa fedha nyingi huona nyumba imekuwa yake, na asiyetoa huona haki yake inazibwa kwa bati. Ni vyema michango iandikwe, risiti zitunzwe, na makubaliano yasainiwe na warithi wote kabla ya bati la kwanza kushushwa. Wapangaji nao waelezwe siku za kazi na mahali pa kuweka vyombo vyao, maana kodi ya vyumba ndiyo mara nyingi inayolipa sehemu ya gharama.

Halmashauri ya eneo husika iulizwe kuhusu kibali cha ujenzi, hasa umbo la paa likibadilika. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, mabadiliko ya paa hayafanywi bila idhini ya mamlaka ya uhifadhi wa mji huo.

Wakati wa kazi

Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli, ndicho kipindi kinachofaa kwa sehemu kubwa ya nchi, ingawa upepo wa kusi hufanya bati kubwa kuwa gumu kushika huko pwani. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zifuatwe kila siku ya kazi. Paa liezuliwe upande mmoja na kuezekwa kabla ya kugusa wa pili, turubai likiwa karibu. Waya wa umeme unaoingia nyumbani mara nyingi umefungwa kwenye ukingo wa paa. TANESCO iombwe kuukata kwa muda, kwani bati likigusa waya uliochubuka, fundi na walio chini wote wamo hatarini.

Kazi ikikamilika, mwenye nyumba apande mwenyewe au amtume mtu asiye wa fundi, ahesabu kanda za chuma darini kabla ya dari kufungwa na kabla ya malipo ya mwisho. Kila mwaka mwezi Septemba, skrubu zilizolegea zikazwe, raba zilizopasuka zibadilishwe, na matawi ya miti yanayoinamia paa yakatwe.