Picha za Rwenzori za 1906 Bado Zina Kazi

Juni 18, 1906, Luigi Amedeo wa Savoia, mwanamfalme wa Italia aliyejulikana zaidi kama Duke wa Abruzzi, alifika Margherita, kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya milima ya Rwenzori, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Historia ya wapanda milima imeitunza siku hiyo kwa jina lake na kwa majina ya waongozaji wake kutoka Courmayeur. Lakini msafarani alikuwemo pia Vittorio Sella, mpigapicha wa milima kutoka mji wa Biella, ambaye kazi yake haikuwa kuwahi kileleni bali kuvipiga picha vilele, mabonde na barafu za safu ile. Zaidi ya karne moja baadaye, ushindi wa Duke umebaki kuwa habari ya kusimuliwa tu. Picha za Sella ndizo zinazoendelea kutumika, kwa sababu zimegeuka ushahidi wa jambo ambalo yeye mwenyewe hakukusudia kulithibitisha.

Sella alizaliwa mwaka 1859 katika familia iliyoijua kamera mapema: baba yake, Giuseppe Venanzio, alichapisha kitabu cha mafunzo ya upigaji picha kwa Kiitaliano mwaka 1856. Kufikia 1906 alikuwa ameshapiga picha Alps, Kaukazi, Alaska na Himalaya. Kwa safari ya Rwenzori, msafara ulitoka Italia kwa meli hadi Mombasa, ukapanda treni ya reli ya Uganda hadi Kisumu, ukavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe, kisha ukatembea kwa miguu hadi Fort Portal na bonde la Mobuku. Vifaa vyote vilibebwa na wapagazi, kupitia misitu na vinamasi vyenye matope ya magoti, kwenye milima inayofunikwa na mawingu karibu mwaka mzima. Kamera ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, na mpigapicha alilazimika kungoja mawingu yafunguke. Subira hiyo ndiyo iliyozipa picha zake faida inayotuhusu leo. Ni kali kiasi kwamba ukingo wa barafu unaonekana wazi ulipokutana na mwamba, na mwamba huohuo unaweza kutafutwa na kutambuliwa hadi leo.

Kwa miaka mingi kazi hii ilithaminiwa kwa uzuri wake tu. Mwaka 1946 Ansel Adams, mpigapicha mashuhuri wa Marekani, aliandika kumsifu Sella, na tangu hapo jina lake limeheshimiwa na wapenda sanaa, huku kumbukumbu zake zikihifadhiwa na taasisi ya familia yake mjini Biella. Thamani nyingine ilijitokeza pale watu walipoanza kurudi mlimani wakiwa na nakala za picha hizo mkononi. Mwaka 2012 Klaus Thymann, mwanzilishi wa Project Pressure, shirika linalorekodi barafu zinazotoweka duniani, alipanda Rwenzori kulinganisha hali ya sasa na ile ya 1906. Mbinu yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Anayerudia picha hutafuta miamba miwili, mmoja wa karibu na mwingine wa mbali, ambayo katika picha ya zamani imepangana kwa namna fulani. Husogea kushoto, kulia, mbele na nyuma mpaka miamba hiyo ipangane vilevile machoni pake. Hapo ndipo anajua kuwa amesimama pale aliposimama mwenzake, na tofauti yoyote iliyobaki kati ya picha mbili ni ya mlima wenyewe.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 1906 barafu ilikuwa kwenye milima 6 ya safu hiyo: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Mitatu ya mwisho iliipoteza barafu yake yote kabla ya karne ya 20 kwisha. Watafiti wanakadiria kuwa barafu yote ya Rwenzori ilifikia takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani iliyotolewa mwaka 2021 ilionya kuwa barafu za Rwenzori, Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zikatoweka kabisa kufikia miaka ya 2040.

Wapo watakaouliza picha kuukuu zina faida gani wakati setilaiti zinapita juu yetu kila siku. Jibu la kwanza ni la wakati: setilaiti za Landsat zilianza kazi mwaka 1972, na bila ushahidi wa 1906 tungekosa miaka 66 ya mwanzo wa habari hii. Jibu la pili ni la mawingu, ambayo huifunika Rwenzori kiasi kwamba picha za angani zisizo na doa ni chache. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: picha huonyesha barafu imepungua, haionyeshi kwa nini. Ni kweli, na wanasayansi wenyewe wamebishana. Barafu za Afrika Mashariki zilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ilipokuwa ikikauka, kabla joto la viwanda halijawa kubwa. Ni kweli pia kwamba mito ya Rwenzori hutegemea hasa mvua, na mchango wa barafu katika maji yake ni mdogo sana. Kwa hiyo anayetumia picha hizi kutisha watu kwamba mito itakauka barafu ikiisha anazitumia vibaya. Lakini shahidi anayejua sehemu tu ya kisa bado ni shahidi. Picha zinatupa tarehe na mpaka. Sababu zinatafutwa kwa vipimo vya joto, mvua na unyevu, ambavyo navyo huhitaji mahali pa kuanzia.

Pingamizi la tatu linagusa haki. Picha hizi zilipigwa zama za ukoloni, na msafara ulivibandika vilele majina ya malkia na wafalme wa Ulaya, huku wapagazi waliobeba mizigo wakitajwa kwa wingi wao badala ya majina yao. Wakonzo waishio chini ya milima hiyo, upande wa Uganda na wa Kongo, waliijua theluji kabla ya Mzungu yeyote. Kwao huko juu ndiko makao ya mungu wao, Kitasamba, na barafu ni sehemu ya imani na utambulisho wao. Dosari hii haifutiki kwa kusifu ufundi wa Sella. Hata hivyo, kuziweka picha kando kungewaumiza walewale waliodhulumiwa, kwa kuwa ndio wanaopoteza zaidi barafu inapokwisha, na ndio wanaostahili kuushika ushahidi wa hasara yao.

Kinachotakiwa basi ni kuzirudisha picha mahali zilipopigwa. Nakala za kidijitali zinapaswa kufika katika shule za Kasese, Bundibugyo na Beni, na katika ofisi za hifadhi ya Rwenzori, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Waongozaji wa Kikonzo, wanaopanda mlima huo mwaka mzima, wanaweza kufundishwa kurudia pembe za Sella kila mwaka kwa simu zao, na Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho watafiti wake wameshiriki kupima barafu hizo, kinaweza kuhifadhi matokeo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na msafara wa 1906, na mfululizo huo ungekuwa na jambo ambalo ule wa kwanza haukuwa nalo: majina ya wenyeji kama waandishi wa historia ya mlima wao. Barafu yenyewe haitangoja mipango mirefu, kwa hiyo picha ya kwanza ya mfululizo huo inafaa ipigwe katika kiangazi kijacho.