Kutoka Buyenzi hadi Chamazi: wanawake wa Burundi na mpira wa ugenini

Mwaka 2024 klabu za wanawake za Afrika Mashariki na Kati zilikutana Addis Ababa kuwania nafasi moja ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wenyeji CBE walikuwa timu ya benki. Police Bullets, waliocheza nao fainali, walitoka jeshi la polisi la Kenya. Burundi ilipeleka timu yenye jina la mtaa: PVP Buyenzi. Haikuvuka hatua ya makundi, lakini kwa watu wa Bujumbura jina lile kusomwa kwenye orodha ya bara lilikuwa jambo zito, kwa sababu Buyenzi ina historia ndefu kuliko ya timu yoyote.

Ni mtaa wa Waswahili. Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, pwani ile ya Ziwa Tanganyika ilishazoea wafanyabiashara wa Ujiji na Uvira, mabaharia na wapagazi, na baadaye askari na familia zao. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, na katika kuupanga upya kwa rangi na kabila wakawatengea watu hao eneo lao. Mpaka leo avenyu za Buyenzi zinaitwa kwa namba na msikiti mmoja hauko mbali na mwingine. Mafundi wa garaji hufanya kazi barazani, na Kiswahili husikika kabla ya Kirundi. Soko la Ruvumera, ambalo lilipokea wachuuzi wengi baada ya soko kuu la mji kuungua Januari 2013, linalisha nusu ya jiji.

Wanawake wa mtaa huu walishaingia kwenye historia kabla ya mtu yeyote kuwapa mpira. Katika miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji uliwatoza kodi maalumu wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa wanaishi bila mume. Waliokumbwa ni wajane, walioachika, hata wake wa ndoa za mitala ambazo serikali haikuzitambua. Kodi ile ilibeba tusi ndani yake: kila mwanamke aliyejitegemea alichukuliwa kuwa malaya mpaka athibitishe vinginevyo. Waislamu wa Buyenzi hawakulinyamazia. Wanawake waligoma, wakapaza sauti, na mgogoro ukawafikia wakubwa wa koloni. Naamini haifai kuandika habari za mwanamke wa Buyenzi anayetafuta riziki kwa jasho lake huku tukiwaruka bibi zake hao, ambao waliadhibiwa kwa kosa hilohilo la kujitafutia.

Mpira ulikuja kwanza kwa wanaume, na ndio waliochonga njia. Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992. Mwaka 2013 ikachukua Kombe la Kagame, Amissi Tambwe akiwa mfungaji wake mkuu, na muda si muda Tambwe akawa mchezaji wa Simba ya Dar es Salaam, akaongoza kwa mabao katika ligi ya Tanzania, kisha akarudia akiwa Yanga. Didier Kavumbagu alipita huko, Laudit Mavugo pia. Saidi Ntibazonkiza alipitia kwanza Ulaya, Uholanzi na Poland, ndipo akaja kuwa kipenzi cha Yanga na baadaye Simba. Kwa Mrundi anayecheza mpira, ugenini pa kwanza pana anwani: unavuka Kobero au Manyovu, unashika basi la Dar.

Njia hii inawafaa watu wa Buyenzi kuliko wengi. Mchezaji anayekwenda Sweden au Uturuki anapambana na baridi, chakula na lugha kabla hata hajagusa mpira. Anayetoka mtaa wa Waswahili akaingia Kariakoo anaelewa matani ya jukwaani siku ya kwanza. Anaweza kubishana na kocha, kusoma mkataba kwa lugha anayoiota usiku, kumpigia shangazi Kigoma akikwama. Kwa msichana wa miaka 19 aliye mbali na mama yake, jambo hili lina uzito kuliko mshahara.

Wanawake walichelewa kuipata njia hiyo, na aliyefungua mlango wa ofisini ni mwanamke. Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la soka la Burundi kuanzia 2004 hadi 2013, wakati ambapo nchi ilikuwa inatoka vitani na wanawake wenye cheo kama hicho duniani walihesabika kwa vidole. Mwaka 2009 aliingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mei 2013, katika mkutano wa FIFA nchini Mauritius, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Kamati ya Utendaji ya shirikisho hilo. Mwaka uliofuata sheria za mchezo ziliruhusu rasmi kichwa kufunikwa uwanjani. Katika mtaa wenye misikiti mingi kama Buyenzi, ruhusa hiyo iliondoa sababu moja kubwa ambayo mzazi angeitaja kumzuia binti yake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Novemba 2019, kwenye mashindano ya CECAFA ya wanawake uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, Burundi ilifika nusu fainali. Juni 2022 ilicheza fainali yenyewe huko Njeru, ikafungwa na wenyeji Uganda 3–1. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa Rabat, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Matokeo yalikuwa machungu: 4–2 mbele ya Botswana, 3–1 mbele ya Afrika Kusini, 4–0 mbele ya Nigeria. Lakini mabao matatu yalipatikana katika kundi lenye vigogo wawili wa bara, na timu ilirudi nyumbani ikiwa na hadhi ambayo haikuwa nayo ilipoondoka.

Wakati huohuo Simba Queens, timu ya wanawake ya Simba, ilikuwa imewachukua Warundi Asha Djafari na Joelle Bukuru. Agosti 2022 mashindano ya klabu ya ukanda yalifanyika Dar, Fofila ya Bujumbura ikiwa miongoni mwa timu, na Simba Queens ikatwaa taji. Novemba mwaka huo ikawa klabu ya kwanza ya Afrika Mashariki kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake, ikamaliza ya nne huko Morocco. Kwa wasichana wa Bujumbura waliokuwa wakifuatilia, Dar iliacha kuwa mwisho wa safari. Aisha Masaka alitoka ligi hiyohiyo ya Tanzania akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Opa Clement alikwenda Beşiktaş.

Kinachoniuma ni upande wa pili wa kazi hii. Miguu huchoka karibu na miaka 33, na mwanamke aliyecheza ugenini hurudi na maarifa ambayo Bujumbura nzima inayahitaji: mazoezi ya kisasa, lishe, namna ya kusoma mkataba. Julai 7, 2022, kwenye benchi la Afrika Kusini mjini Rabat alikaa Desiree Ellis, aliyekuwa katika kikosi cha kwanza cha wanawake cha nchi yake mwaka 1993, akawa nahodha, kisha kocha, na wiki mbili baada ya kuifunga Burundi akabeba kombe. Benchi la Burundi liliongozwa na mwanamume. Simlaumu yeye; timu aliifikisha pale ambapo ilikuwa haijawahi kufika. Ila leseni za ukocha za CAF hupandwa ngazi kwa ngazi, kutoka D hadi Pro, na kila ngazi inakula muda na pesa ambazo mchezaji anayetuma senti zake nyumbani hana.

Shirikisho la Burundi lina uwezo wa kulitengeneza hili bila kusubiri mfadhili: kozi ya leseni D iletwe Buyenzi kwenyewe, ifundishwe kwa Kiswahili na Kirundi badala ya Kifaransa pekee, saa za jioni wauzaji wa Ruvumera wakishafunga, na nafasi za kwanza wapewe wanawake waliowahi kucheza nje.