Mwindo naye alirudi nyumbani

Wandugu wanachama, na ninyi marafiki munaotushika mkono kutoka mbali, kuna jambo tunalolijua sote. Ukisikia Walikale kwenye habari, ujue ni madini ao ni bunduki. Ukisikia Masisi, ni kijiji gani kimechomwa na watu wangapi wako njiani. Habari hizo ni za kweli, wengi wetu tumezikimbia kwa miguu. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini amesikia hizo tu. Kambi za kando ya Goma zilipofungwa Februari 2025, watoto kama hao walipanda mlima na sisi, godoro kichwani, kuelekea mahali walipoambiwa ni kwao. Mmoja wao, tulipokuwa tunachagua mahindi ya mbegu, alituuliza: «Kwani huku kulikuwaga nini?»

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Hapa tunajaribu kumjibu na jambo moja la mwaka 1956.

Ule mwaka, kwa Banyanga wa Walikale, fundi mmoja wa hadithi, jina lake Rureke, alisimama kusimulia habari za Mwindo. Ilimchukua siku 12. Usifikiri alikaa kitini akisema polepole. Aliimba, akacheza, akaigiza kila mtu wa hadithi, kibuyu chenye mbegu kinalia mkononi, vijana kando yake wanapiga vijiti. Watu walijaa. Waliitikia nyimbo, wakapiga makofi, wakatoa zawadi, maana kwa Banyanga msimuliaji haachwi aende mikono mitupu. Hadithi ya namna hiyo wanaiita karisi, na Karisi ni roho pia. Anayeijua hadithi anaitwa Shekarisi. Kwa hiyo hata sisi tunaosema «ni hadithi tu» tunakosea kidogo.

Aliyekuwa hapo na daftari ni Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, pamoja na wasaidizi wake Banyanga. Miaka 13 ilipita. Mwaka 1969 kitabu kilitoka California, na kwenye jalada kuna majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene. Huyu wa pili ni mtoto wa Banyanga, mtaalamu wa lugha, aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha za Afrika ya OUA kule Kampala. Ndani ya kitabu kuna Kinyanga chenyewe, si tafsiri ya Kiingereza peke yake. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kingine, chenye masimulizi mengine ya Mwindo, kwa sababu kila fundi alikuwa na njia yake. Basi leo mwanafunzi wa Marekani anamsoma Mwindo chuoni, na mtoto wetu aliyekulia chini ya shitingi kando ya ziwa hajasikia jina hilo. Hatumlaumu yeyote. Vita haiachi muda wa kukaa na wakubwa jioni.

Kwa wasioijua: Shemwindo, mwami wa Tubondo, alitoa amri kwamba wake zake wazae wasichana tu. Akizaliwa mvulana, auawe. Mwindo akazaliwa, tena anatembea na kusema tangu siku ile ile. Baba alimrushia mikuki, haikumpata. Alimzika mzima, akatoka. Mwisho akamfungia ndani ya ngoma, wakamtupa mtoni. Mtoto akasafiri na maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Huyo ni mkimbizi, tena aliyefukuzwa na baba yake mwenyewe. Sisi tunamjua vizuri.

Alirudi na nguvu, Tubondo ikaangamia, na sasa baba ndiye akawa mkimbizi: akakimbilia chini ya ardhi. Mwindo akamfuata huko, akapita majaribu mengi, akamkamata. Hapa ndipo tulipozoea kungojea damu. Hakumwua. Alimrudisha nyumbani, na kwa conga, ile fimbo yake ya mkia, akawafufua watu wa Tubondo waliokufa. Halafu wakakaa watatu mbele ya watu wote: baba, mwana na shangazi. Shemwindo akakiri kosa lake hadharani. Iyangura naye akasema, akamlaumu kaka yake kwa kubagua watoto. Baada ya maneno hayo ndipo ufalme ukapita kwa mwana.

Na wasimuliaji hawakumwacha Mwindo bila kosa. Alikuja kumwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba akampandisha mbinguni, akateswa huko mwaka mzima, akarudi ameacha kujisifu. Hiyo sehemu wanaume huwa wanaisahau.

Kile kikao cha watatu sisi tunakiita barza, na barza si neno dogo hapa kwetu. Kila kijiji kilikuwa na mahali pa kukaa, moto katikati, mashauri na hadithi palepale. Wakati wa Wabelgiji, kati ya 1937 na 1955, ofisi yao iliyoitwa MIB ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kwenye milima ya Masisi, nazo zikaja na ngoma na masimulizi yao. Tukacheza pamoja kwenye arusi, tukagombana juu ya mashamba. Machi 1993 vita ilianzia soko la Ntoto, Walikale, ikaingia Masisi yote, na tangu pale barza nyingi zilibaki majivu. Wakubwa wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walipotaka kukaa tena pamoja Goma, mwishoni mwa miaka ya 1990, walichukua jina lilelile: Barza ya makabila. Februari 2014 Goma ikapata tamasha la Amani, vijana wakaimba na kucheza, na hata habari za nje ziliitangaza. Tulifurahi sana. Ila Goma ni Goma, na ngoma ya kijijini haipandishwi jukwaani kila mwaka.

Sasa neno kwa wanaotusaidia. Shitingi, mbegu na majembe tunayahitaji, tusidanganyane. Lakini mkutano uliopita ulikubali kutenga kiasi kidogo cha mfuko kwa madaftari, betri na simu moja yenye kurekodi vizuri. Kuna mwanachama aliyesimama akauliza kama hadithi inapikwa. Swali lake ni halali, na liko kwenye kitabu cha mikutano. Kura zilipita, si kwa wingi mkubwa.

Tumeanza na bibi mmoja Munyanga, Jumamosi jioni, kwenye uwanja wa shule. Wazee Bahunde wameomba zamu ya pili, na mama mmoja Muhutu amesema za kwao ni ndefu kuliko zote, kwa hiyo atangojewa. Kila mtu anasimulia kwa lugha yake, kijana mmoja anageuza kwa Kiswahili. Bibi anachoka upesi, tunasimama anaposimama. Tumefika jioni ya pili, na Mwindo bado yuko ndani ya ngoma, mtoni.