Nyaraka Zilizomrudishia Kapteni Fitzjames Jina Lake

Septemba 2024, watafiti wa Canada walitangaza kuwa taya lililopatikana katika Kisiwa cha King William, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo, ni la James Fitzjames, nahodha wa meli ya Uingereza HMS Erebus. Sifa zote ziliendea vinasaba. Nyaraka za kale zinastahili sehemu yake.

Fitzjames aliondoka Uingereza mwaka 1845 katika msafara wa Sir John Franklin, uliotafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika. Watu 129 waliangamia. Mwaka 1859 fomu ya serikali ilikutwa imefukiwa kwenye rundo la mawe. Fitzjames alikuwa ameijaza hadi pembezoni, maandishi yakiizunguka karatasi: Franklin amefariki, meli zimeachwa, watu 105 wako hai. Ni tarehe 25 Aprili 1848.

Rekodi za jeshi la majini zilimjua vizuri kikazi: aliingia mwaka 1825 akiwa mtoto, na mwaka 1842 akajeruhiwa vitani China. Kilichofichwa ni asili yake. Alizaliwa nje ya ndoa, na wazazi walioandikwa alipobatizwa London mwaka 1815 walikuwa wa kubuni.

Mwandishi William Battersby, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alifichua kuwa baba wa Fitzjames ni Sir James Gambier, aliyekuwa konseli mkuu wa Uingereza mjini Rio de Janeiro. Hata rekodi ya utumishi ilikuwa na dalili: meli ya kwanza ya Fitzjames, HMS Pyramus, iliongozwa na Robert Gambier, wa ukoo huohuo.

Ndipo watafiti wakampata mwanamume aliye hai wa ukoo wa Gambier. Kromosomu Y, ambayo mwana wa kiume huirithi kwa baba, ililingana na ya jino la taya lile. Wangelifuata jina la Fitzjames peke yake, wangelitafuta ukoo ambao haukuwahi kuwapo.

Taya hilo lina alama za kisu. Wainuit walisimulia tangu mwaka 1854 kwamba njaa iliwafanya mabaharia kula maiti za wenzao, na London ikawakanusha. Walisema kweli.

Mahali taya lilipopatikana palikuwa na mabaki ya watu wasiopungua 13. Hadi Septemba 2024, watu wawili tu wa msafara huo walikuwa wametambuliwa kwa vinasaba: Fitzjames na, kabla yake, fundi mitambo John Gregory, mwaka 2021. Waliosalia wanahitaji mtu wa kuzipekua rekodi za ubatizo na madaftari ya meli kwa subira ileile, na wazao walio tayari kutoa sampuli.